Maji ya Kilomita ya Thelathini na Tano

Kitonga alishuka kwenye bodaboda kabla haijasimama vizuri, akaunyooshea kidole mkono wa kulia wa Muthoki.

"Hiyo ni nini?"

"Ni chupa, Mwalimu."

"Naona ni chupa. Nauliza, inafanya nini hapo? Nilikupa maji kilomita nane nyuma. Kilomita nane! Umebeba nusu chupa kama mtu anayempelekea mgonjwa dawa."

Muthoki alikuwa ameinama, mkono mmoja gotini, jasho likimdondoka puani. Alikuwa amemaliza kilomita thelathini katika jua la Mutomo, jua ambalo hata mbuzi hulikimbia. Alitaka kucheka lakini pumzi haikutosha.

"Nilikunywa mafunda mawili, kama ulivyosema."

"Na mengine nilisema uyafanyeje?"

"Nijimwagie kichwani, halafu nitupe chupa."

"Ukafanya?"

"Nilishindwa, Mwalimu. Mkono ulikataa."

Mwenye bodaboda akaangua kicheko. "Mwalimu, hata mimi hayo maji ningeenda nayo nyumbani."

"Wewe nyamaza, hukimbii mbio."

Kitonga alikuwa amefundisha michezo shuleni miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akakataa kupumzika. Alikuwa na filimbi, saa ya kupimia mbio, na kichwa kilichojaa mashindano ya dunia nzima tangu enzi za babu zetu. Muthoki alikuja kwake miaka minne iliyopita kutoka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Makueni, akapanga chumba nyuma ya soko la Mutomo ili afundishwe naye. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa na hajawahi kuvaa fulana ya taifa. Wiki sita zilikuwa zimebaki kabla ya mchujo wa marathoni. Watatu wa kwanza wangekwenda mashindano ya dunia. Wa nne angerudi nyumbani kulima.

Safari hii waandaaji walikuwa wameamua mchujo ufanyike kwenye joto, kwa sababu mji wa mashindano ulikuwa na joto. Wakaichagua lami inayotoka karibu na Ikutha, inavuka Athi na kuishia Kibwezi, na wakasema mbio zianze saa tatu asubuhi badala ya alfajiri. Wanariadha wa nyanda za juu walilalamika. Kitonga alicheka mpaka akashika tumbo. Mara hii milima ingekuja kwetu, alisema, ione jua linafanana vipi.

Lakini jua lile lilidai maji, na maji ndiyo yaliyomfunga Muthoki.

Kwao, maji yalichimbwa mchangani. Mama yake, Kalondu, aliinama ndani ya shimo la mto mkavu na kata mkononi, akisubiri maji yajikusanye kiasi cha kuteka, kata moja baada ya nyingine, hadi mtungi ujae. Kisha ukanda wa mtungi ukapanda kwenye paji la uso, mtungi ukakaa mgongoni, na safari ya kurudi ikaanza. Maji yaliyoosha mboga yaliosha vyombo, yakaosha miguu, yakaishia kwenye shina la mpapai. Kalondu alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama waliosomba mawe na kujenga bwawa la mchanga, linaloshika maji ya mvua chini ya mchanga wa mto, kwa mikono yao wenyewe. Kumwaga maji barabarani mbele ya watu, kwa binti wa Kalondu, ilikuwa kama kusimama sokoni na kumtukana mzazi.

"Keti," Kitonga alimwambia siku hiyo, akampisha kwenye kivuli cha ukuta wa duka. "Mwaka 1904 kulikuwa na Olimpiki St. Louis, Amerika. Waandaaji wakapata wazo la ajabu, ati waone binadamu anavumilia kiu kiasi gani. Njia nzima ya marathoni, vituo viwili tu vya maji. Vumbi, milima, joto kama hili. Walianza watu thelathini na wawili. Unadhani walifika wangapi?"

"Ishirini?"

"Kumi na wanne. Na wawili kati yao walikuwa Waafrika, Watswana kutoka Afrika Kusini, Taunyane na Mashiani. Walikuwa wamepelekwa kule kuonyeshwa kwenye maonyesho ya vita vya Makaburu. Wakaingia mbioni. Ndio Waafrika weusi wa kwanza kukimbia Olimpiki, umesikia? Mmoja alifukuzwa na mbwa mpaka nje ya barabara. Akarudi njiani, akamaliza wa tisa!"

"Mbwa?"

"Mbwa mzima mwenye meno. Sasa wewe siku ya mchujo una maji kila kilomita tano mpaka ya thelathini na tano, na huna mbwa."

Muthoki alizipenda hadithi hizi kuliko alivyomwonyesha. Zilimpa hisia kwamba barabara anayokimbia haikuanzia Mutomo. Ilitoka mbali, ilipita Roma mwaka 1960, ambako Mhabeshi alikimbia miguu mitupu na kushinda katika mji mkuu wa nchi iliyokuwa imeivamia nchi yake. Ilipita Mexico mwaka 1968, ambako Mtanzania aliingia uwanjani mguu umefungwa bendeji, giza limeingia, washindi wamekwisha kuvikwa nishani, naye anachechemea tu mpaka mstari wa mwisho kwa sababu alitumwa amalize.

"Na wanawake?" aliwahi kumwuliza.

"Wanawake walikatazwa marathoni ya Olimpiki mpaka 1984. Madaktari walisema itawaua. Mama yako mwaka huo alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita hivi."

"Alitembea kilomita ngapi kwenda mtoni?"

"Nane kwenda, nane kurudi."

"Na mtungi mgongoni. Alikufa?"

"Hakufa, Mwalimu."

"Basi! Na mwaka huohuo, Los Angeles, Musyoki wetu akaleta shaba ya mita elfu kumi. Mwaka 1992 dunia ikaanzisha ubingwa wa nusu marathoni. Bingwa wa kwanza kabisa? Masya, mtu wa Kitui. Mwaka 2011 rekodi ya dunia ya marathoni ikashikwa na Makau, Mkamba. Halafu mtu anakuja kuniambia mbio ni za Bonde la Ufa peke yake. Mwambie akasome!"

Aliposema hivyo mishipa ya shingo ilimsimama, na Muthoki akahisi miguu ikiwasha kutaka kukimbia tena.

*

Siku ya mchujo, saa tatu, hewa juu ya lami ilikuwa tayari inacheza. Wanawake arobaini walijipanga. Filimbi ikalia.

Wawili wa nyanda za juu, wembamba kama fimbo, walitangulia mapema na hakuna aliyewafuata. Nyuma yao likabaki kundi la watu saba, Muthoki akiwemo, na kila mmoja alijua hesabu yake: nafasi moja tu ndiyo iliyokuwa bado haina mwenyewe.

Kituo cha kilomita ya kumi, Muthoki alichukua chupa, akanywa mafunda mawili, akainua mkono ajimwagie. Mkono ukasimama hewani. Kandokando ya barabara akina mama walikuwa wamesimama na mitungi yao mitupu, wanatazama. Bila kufikiri akageuka na kumpa chupa aliyekuwa kando yake, msichana aliyefunika kichwa kwa kitambaa na kuvaa mikono mirefu.

"Shika, mwenzangu."

Msichana alishangaa, akapokea, akanywa, akajimwagia yaliyobaki kifuani. "Asante, dada."

Jina lake lilikuwa Ismahan. Babake alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kaskazini, na yeye alijifunza kukimbia nyuma ya mifugo. Hayo Muthoki aliyajua baadaye. Wakati ule alijua jambo moja tu, kwamba moyo ulikuwa umetulia. Maji hayakutupwa. Yalikuwa yamefika kwa mtu.

Kwa hiyo akafanya hivyo tena kilomita ya kumi na tano. Na ya ishirini. Na ya ishirini na tano, walipokuwa wamebaki wanne katika kundi, akampa Ismahan tena, maana ndiye aliyekuwa karibu. Jua lilikuwa limepanda juu ya vichwa vyao. Mwili wa Muthoki ulinyweshwa kidogo ndani, lakini nje uliachwa ukaungua. Kichwa kikaanza kuwa kizito, na nywele zilikuwa kavu na za moto kama bati la paa.

Kilomita ya thelathini, baada ya kuvuka Athi, alipomnyooshea Ismahan chupa naye akaipokea, pikipiki ya mwamuzi ikaja ubavuni.

"Namba kumi na saba! Kumpa mwenzako maji mara moja hakuna shida. Kumpa kila kituo ni kumsaidia mbioni. Kanuni inakataa. Hili ni onyo. Nikiona tena, unatoka!"

"Kituo kijacho nitayapeleka wapi?"

"Tupa chini!"

"Chini?"

"Chini, mama, kwani kuna wapi kwingine?"

Mwamuzi akaongeza mwendo na kwenda zake. Muthoki alikimbia kilomita tano zilizofuata na neno lile likimgonga kichwani. Asingeweza kutoa tena. Kutupa, mkono haukuwa na njia. Kunywa yote, tumbo lingemshika kabla ya Kibwezi. Na kutojimwagia kabisa kulikuwa na mwisho wake, maana Kitonga alikwishamsimulia: Doha, 2019, wanawake sitini na nane walianza marathoni ya dunia katikati ya usiku kukimbia joto, na bado ishirini na wanane waliachia njiani, wengine wakibebwa kwa machela. Tayari alikuwa anaona kingo za barabara zikitetemeka. Wawili wa lile kundi walikuwa wameanza kutembea. Walibaki yeye na Ismahan, bega kwa bega. Mmoja wao angekuwa wa tatu.

Kituo cha mwisho, kilomita ya thelathini na tano, kilikuwa cha mwethya wa Kalondu.

Waandaaji walikuwa wamewaletea akina mama vikombe vya karatasi na maelezo mafupi. Akina mama walivitazama vile vikombe, wakatazamana. Kikombe cha karatasi wampe nani? Mgeni aliyetoka mbali, anayekimbia kwa ajili ya nchi, wampe maji kwa kitu cha kutupwa? Wakavirudisha kwenye boksi, wakaenda majumbani na kuleta vikombe vyao vya bati, vile vya maua vinavyotolewa wakija wakwe. Waliotangulia walivipokea huku wakikimbia, wakanywa, wakaviangusha kwenye lami. Paa! Paa! Na kila kikombe kilichoanguka kilikuwa na mwenyewe.

"We! We, msichana! Hicho ni cha Mama Wayua!"

"Mwache, anakimbia mchujo."

"Mchujo ndio umpasulie mtu enameli?"

Ismahan alipita, akadaka kikombe, akanywa nusu, nusu akajimwagia usoni, kikombe kikalia chini, naye akatoweka mbele. Muthoki alifika kwenye meza. Aliyemnyooshea kikombe, kwa mikono miwili, alikuwa mama yake mwenyewe.

Alikunywa funda la kwanza. La pili. Kikombe kilikuwa bado kimejaa karibu robo tatu. Akasimama.

Ndiyo, alisimama kabisa, katikati ya mchujo wa mashindano ya dunia. Kitonga, aliyekuwa kando ya barabara hatua kumi mbele, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Muthoki! Kimbia! Kimbia, wewe!"

"Mwaitu," Muthoki alimwambia mama yake, na sauti ilitoka kavu kama majani, "siwezi kuyatupa."

Kalondu alimtazama. Aliona midomo iliyopauka, macho yaliyoingia ndani, chumvi iliyokauka mashavuni. Hakuwa amewahi kutazama marathoni maishani mwake, lakini mtu aliyeshikwa na jua alimfahamu toka mbali.

"Nani amesema uyatupe? Lete hapa. Inama."

Muthoki akainama juu ya meza. Kalondu akakichukua kikombe na kummwagia utosini, polepole, bila haraka yoyote, mpaka tone la mwisho. Akachota kikombe cha pili kwenye ndoo, akamwaga shingoni. Cha tatu, mgongoni.

"Sekunde kumi!" Kitonga alilia, saa mkononi. "Kalondu, unaniulia mkimbiaji!"

"Nyamaza, Mwalimu! Wewe ulimzaa?"

"Kumi na mbili!"

Maji yalikuwa ya baridi, yametoka kwenye mchanga asubuhi ile ile. Yalishuka nyuma ya masikio, yakapita uti wa mgongo, yakaingia kwenye viatu. Muthoki alihisi kichwa kikimrudia mahali pake.

"Mwaitu, yanamwagika."

"Yakianguka juu ya mtoto wangu yamemwagika? Tulidamka saa kumi kuyachota ili yafanye kazi gani? Haya, nenda. Yule wa kitambaa ameshafika mbali."

Mwamuzi alikuwa amesimamisha pikipiki na kutazama yote hayo. Alinyoosha kidole. Akamtazama Kalondu, ambaye hakuwa ametoka nyuma ya meza hata hatua moja. Kanuni ilisema mtoa maji abaki nyuma ya meza. Akakishusha, akawasha pikipiki.

*

Ismahan alikuwa mbele mita sabini, labda themanini. Kwa mtu aliyechoka, mita themanini ni nchi nyingine.

Muthoki hakuzihesabu. Aliitazama fulana iliyokuwa mbele, akaanza kuivuta kidogo kidogo, kama kamba ya kisima. Kilomita ya thelathini na saba, mita zile zilikuwa zimepungua zikawa hamsini. Ya thelathini na tisa, thelathini. Nguo yake ilikuwa bado mbichi na upepo mdogo wa mbio ulipoigusa, ulimpoza. Watu walianza kuonekana kandokando, wengi zaidi kila alipopiga hatua, wamepanda juu ya mikokoteni na mapaa ya maduka. Mtu mmoja alikuwa anapiga debe kwa fimbo. Wengine walipiga kelele za majina ya watu wasiowajua. Hapakuwa na bendera, wala wimbo wa taifa, ila kwa Muthoki ilikuwa kana kwamba wale wote wa hadithi za Kitonga walikuwa wamejipanga pale, Watswana wawili na vumbi lao, Mhabeshi na nyayo zake, na Mtanzania na bendeji yake, wanamtazama kuona kama anajua kazi.

Kilomita moja kabla ya Kibwezi alimfikia. Ismahan alisikia pumzi, akageuza jicho.

"Ni wewe wa maji?"

"Ni mimi."

"Asante kwa maji, dada." Akameza mate. "Lakini hapa hupiti."

"Nani amekuomba ruhusa?"

Na kweli hakumpisha. Muthoki alipoongeza, Ismahan aliongeza. Aliposogea kulia, bega la yule lilikuwa palepale. Walikimbia hivyo mita mia nane, viwiko vikigusana, hakuna anayemwonea mwenzake huruma, na ndani ya maumivu yale Muthoki alifurahi. Kama Ismahan angempisha kwa sababu ya zile chupa, angeona haya maisha yake yote. Haya ndiyo mambo ambayo watu husafiri dunia nzima kwenda kuyafanya. Unampa mwenzako maji, kisha unamshinda kama unaweza.

Mita mia mbili. Mstari mweupe ukaonekana. Ismahan akatupa kila kilichobaki mwilini, akatangulia hatua moja. Ilikuwa mbio nzuri, ya mtu shujaa, na ilidumu mita mia moja na hamsini. Kisha hatua zake zikaanza kufupika. Alikuwa ameungua sana toka kilomita ya thelathini na tano, na nusu kikombe hakikumtosha. Muthoki, aliyesimama mezani na kumwagiwa vikombe vitatu, alikuwa na hatua kumi zaidi miguuni. Akazitumia zote. Akatupa kifua mbele, akapita mstari, akaanguka.

Ismahan akaanguka juu yake.

Walilala hapo, wamechanganyika mikono na miguu, hawajui nani ni nani. Msimamizi alikuja na karatasi, akasoma namba mgongoni.

"Kumi na saba. Wa tatu."

Ismahan alilia kidogo, kilio cha hasira. Halafu akajifuta kwa mkono wa fulana, akakaa.

"Los Angeles, elfu mbili ishirini na nane," alisema. "Olimpiki. Huko nitakupita, wallahi."

"Njoo."

"Nitakuja. Wewe jiandae tu."

Kitonga alifika akikimbia, mtu wa miaka sitini na nne, filimbi inaruka kifuani. Alitaka kusema jambo kubwa. Wiki nzima alikuwa amelitayarisha, lina Roma ndani yake na Mexico. Alipowafikia aliliacha. Akavua kofia, akasimama mbele ya mwanafunzi wake kama watu wanavyosimama wimbo wa taifa unapopigwa.

Alasiri lori liliwaleta akina mama wa mwethya. Kalondu alishuka wa kwanza, kikapu cha vikombe begani, viwili vimebanduka enameli. Umati ulimfungulia njia mpaka alipomfikia bintiye, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na blanketi mabegani. Hakumkumbatia. Alimgusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, akaridhika kwamba joto limeshuka.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa tatu, mwaitu."

"Wa tatu?" Kalondu akageuka, akawatafuta kwa macho wale wawili wembamba waliokuwa wakipigwa picha. "Na wale wawili ni watoto wa nani?"

"Ni wa nyanda za juu, Mama," Kitonga akamweleza upesi. "Wa tatu anatosha. Watatu ndio wanaokwenda. Muthoki anakwenda mashindano ya dunia."

"Nimesikia wanakwenda watatu." Aliliweka lile kapu chini, akawatazama tena wale wawili, kwa makini, kuanzia viatuni. "Na huko duniani mbio ni siku gani? Kuna miezi mingapi ya kuwashika hawa?"